Nani anamkagua mwenye kinu cha nyuklia? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kigoma hakuna kinu cha nyuklia, wala popote pengine Tanzania. Hata hivyo maswali ni mengi, na yana msingi: Kenya na Uganda zimekwisha kutangaza nia ya kujenga, na ziwa letu, Tanganyika, ni la nchi nne. Hapa tumekusanya yale yanayorudiwa zaidi kuhusu jambo moja tu, yaani nani anahakikisha kwamba mwenye kinu anafanya anachosema anafanya. Palipoandikwa "tazama swali la 6", maelezo yako huko na hatukuyarudia.

## Mambo ya msingi

1. Kama hatuna kinu, Tanzania nani anasimamia mionzi?

Ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Inatoa vibali na kukagua mashine za eksirei, inafuatilia vyanzo vya mionzi vya viwandani na migodini, na inapima mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini.

Barani Afrika umeme wa nyuklia unatoka mahali pamoja: Koeberg, karibu na Cape Town, penye vinu viwili vilivyoanza kazi miaka ya 1984 na 1985. Misri inajenga El Dabaa tangu 2022. Mifano mingi hapa chini ni ya Marekani, kwa sababu mdhibiti wa huko, NRC, huweka hadharani vipimo na ripoti za ukaguzi za kila kinu. Makosa yake mwenyewe pia yameandikwa, na ndiyo yanayofundisha zaidi.

2. Mdhibiti na mwendeshaji wana tofauti gani? Si wote wanashughulikia usalama?

Wanashughulikia, lakini mzigo ni wa mwendeshaji. Nahodha wa boti la Kibirizi hawezi kusema abiria wamezama kwa sababu mkaguzi alimpa cheti. Boti ni lake, safari ni yake, na uamuzi wa kuondoka pepo zikichafuka ni wake. Mkaguzi anaweka masharti, anakagua, na ana mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke. Kinu ni vivyo hivyo.

Sharti kubwa ni kwamba mkaguzi asiwe mtumishi wa mtu anayetaka umeme uuzwe. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia, ulioanza kutumika Oktoba 1996, unadai hivyo katika kifungu cha 8. Japani iliulipia uzembe wa jambo hili: hadi ajali ya Fukushima ya Machi 2011, wakala wa ukaguzi alikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikikuza biashara ya umeme wa nyuklia. Mdhibiti mpya aliyetengwa na wizara hiyo alianza kazi Septemba 2012.

3. Mkaguzi anakuja mara ngapi?

Marekani haji, anaishi hapo. Baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island, tarehe 28 Machi 1979, wakaguzi wakaazi walisambazwa kwenye vituo vyote, na kwa kawaida kila kituo kina wawili au zaidi. Wana ofisi ndani ya uzio, wanaingia chumba cha uendeshaji bila kutoa taarifa kwanza, wanasoma daftari la zamu na kuhudhuria mkutano wa asubuhi. Juu yao zinakuja timu za wataalamu wa moto, uhandisi, mionzi na ulinzi.

Mkaguzi mkaazi hakai kituo kimoja zaidi ya miaka 7. Mtu akizoea mno mahali huanza kuona kasoro kama sehemu ya jengo.

## Namba na rangi

4. Wanapima nini hasa?

Tangu Aprili 2000, NRC inagawa usalama katika nguzo saba: matukio yanayoweza kuanzisha ajali, mifumo ya kuizuia, uzima wa vizuizi vya mionzi (ganda la fueli, mabomba ya kinu, jengo la zege), utayari wa dharura, kinga ya wafanyakazi dhidi ya mionzi, kinga ya umma, na ulinzi. Kila nguzo ina vyanzo viwili vya taarifa. Kimoja ni viashiria, yaani namba ambazo mwendeshaji huzituma kila robo mwaka. Kingine ni yale wakaguzi waliyoyaona wenyewe. Ukiondoa chanzo cha pili, mfumo mzima unabaki kuwa mwanafunzi anayejisahihishia mtihani.

5. Nipeni mfano wa kiashiria kimoja na hesabu yake.

Chukua kutripu, yaani kinu kuzimika ghafla bila kupangwa. Zinahesabiwa tripu za robo nne zilizopita, zinazidishwa kwa 7,000, kisha zinagawanywa kwa saa ambazo kinu kilikuwa kikiwaka. Mwaka una saa 8,760, hivyo 7,000 ni kama asilimia 80 ya mwaka.

Kinu kilichotripu mara 2 ndani ya saa 6,500: 2 × 7,000 ÷ 6,500 = 2.2. Hiyo ni kijani, rangi ya uzito mdogo kabisa (tazama swali la 6), kwa kuwa mpaka ni 3. Kilichotripu mara 4 ndani ya saa 7,200 kinapata 3.9, na hiyo ni nyeupe. Ikizidi 6 ni njano, ikizidi 25 ni nyekundu. Kinu kilichowaka chini ya saa 2,400 hakipewi namba, maana tripu moja tu ingekipaka rangi isiyo haki yake.

Watu huuliza: kutripu si ndiyo kinga inafanya kazi? Ndiyo. Fimbo za kudhibiti, zinazozima mmenyuko wa nyuklia, zikidondoka, kinu kimejilinda. Lakini kila tripu inaitisha pampu, vali na watu kufanya kazi kwa haraka, na kila mwito ni nafasi ya kitu kugoma. Kiashiria hakiiadhibu tripu yenyewe. Kinauliza kwa nini zinakuwa nyingi.

6. Kijani, nyeupe, njano, nyekundu: rangi zina maana gani kwa dosari waliyoiona wakaguzi?

Zinapima dosari imeongeza kiasi gani uwezekano wa kiini cha kinu, yaani sehemu yenye fueli, kuharibika kwa mwaka. Ongezeko chini ya moja katika milioni ni kijani. Kutoka hapo hadi moja katika laki moja ni nyeupe. Hadi moja katika elfu kumi ni njano. Zaidi ya hapo ni nyekundu. Kwa hiyo kijani haina maana ya "hakuna kosa". Kosa lipo, limeandikwa, na mwendeshaji anatakiwa alirekebishe.

7. Rangi ikibadilika kinatokea nini? Kinu kinafungwa?

Mara nyingi hapana, na hili huwaudhi wengi. Kuna ngazi tano. Ya kwanza ni ukaguzi wa kawaida. Nyeupe moja au mbili huleta ukaguzi wa nyongeza: je, mwendeshaji amefika kwenye chanzo, au amebadilisha kipuri tu? Njano moja hupandisha hadi ngazi ya tatu. Nyekundu moja, au nguzo zinazodhoofika kwa kujirudia, hupeleka ngazi ya nne, ambako timu kubwa hukagua kampuni nzima, pamoja na uongozi na namna watu wanavyozungumza kazini. Ngazi ya tano ni kutoruhusiwa kuwasha.

Kufunga kila kinu kwa kila kosa kungewafundisha waendeshaji jambo moja tu: kuficha. Ngazi zinazopanda hatua kwa hatua zinampa mtu sababu ya kusema mapema.

8. Viashiria vyote vikiwa kijani, tulale usingizi?

Hapana, na ushahidi ni kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio. Machi 2002 mafundi walikuwa wakirekebisha bomba la kupitishia fimbo ya kudhibiti, juu ya kifuniko cha kinu. Bomba likalala upande. Walipoondoa lundo la asidi ya boriki iliyoganda kuzunguka bomba hilo, walikuta shimo: chuma cha unene wa zaidi ya sentimita 15 kilikuwa kimeliwa chote. Kilichobaki kuzuia maji yenye shinikizo la karibu mara 150 ya hewa ya kawaida ni bitana ya chuma kisichoshika kutu, unene usiofika sentimita moja. Bitana hiyo iliwekwa kuzuia kutu, haikuwekwa kubeba shinikizo.

Sababu ni rahisi kueleza. Maji ya kinu cha aina hii huchanganywa na asidi ya boriki ili kutuliza mmenyuko. Ndani ya maji ni nyepesi, haina ukali. Bomba likipata ufa, maji hupenya kidogo kidogo, yanageuka mvuke, na asidi inabaki nje ikizidi kukolea hadi inakula chuma cha kawaida. Uvujaji ulikuwa mdogo kuliko kikomo. Uvujaji usiojulikana chanzo uliruhusiwa hadi kama lita 3.8 kwa dakika, na huu ulikuwa chini sana ya hapo. Kwa hiyo kiashiria cha uvujaji kilikuwa kijani.

Dalili zilikuwepo. Vichujio vya kifaa cha kupima mionzi hewani vilikuwa vikiziba kwa vumbi la rangi ya kutu, vikabadilishwa kila baada ya siku chache. Vipozea hewa vya jengo vilifunikwa na unga mweupe, vikaoshwa tena na tena. Kila dalili ilipewa fundi wake. Cha kichujio kikaitwa tatizo la kichujio, cha kipozea kikaitwa tatizo la kipozea. Hakuna aliyeuliza kutu hii inatoka kwenye chuma gani.

Mdhibiti naye hakupona. NRC ilitaka mabomba hayo yakaguliwe kabla ya mwisho wa Desemba 2001, kisha ikakubali kinu kiendelee hadi katikati ya Februari 2002. Dosari ilipewa rangi nyekundu, kinu kikakaa bila kuwaka hadi Machi 2004, na mwaka 2005 mwendeshaji akatozwa faini ya dola milioni 5.45. Ukituuliza jambo moja la kukumbuka kutoka ukurasa huu, ni kile kichujio chekundu.

## Ukaguzi kwa karibu

9. Jenereta ya dharura inakaguliwaje?

Mkazi wa Kigoma aliyeishi miaka mingi na umeme wa jenereta ataelewa haraka. Gridi ikikatika, pampu za kupoza kinu hutegemea dizeli. Kwa kawaida kila kinu kina jenereta mbili au zaidi, na vinu vingi hutaka ziwake na kufikia volti na mzunguko unaotakiwa ndani ya sekunde 10 hivi. Ndiyo maana mafuta ya kulainisha na maji ya injini hukaa moto saa zote. Hujaribiwa kila mwezi, na kwa vipindi virefu zaidi huwekewa mzigo kwa saa 24.

Mkaguzi makini hafiki kwenye jaribio wakati injini inanguruma. Anafika kabla. Anatazama vali za mafuta ziko mkao gani, chupa za hewa ya kuwashia zina shinikizo gani, na kama kuna mtu amezungusha injini kwanza ili "kuipasha". Hilo ndilo kosa linalotafutwa: kuiandaa mashine kabla ya mtihani. Jenereta iliyosafishwa njia ya mafuta dakika kumi kabla ya jaribio haijathibitisha chochote, kwa sababu siku gridi inapokatika hakuna atakayeiandaa.

Baada ya jaribio anasubiri tena. Wengi huharibu hapa: swichi imeachwa kwenye mkono badala ya otomatiki, au vali ya kumwaga maji haikufungwa. Jaribio limefaulu, na mashine imeachwa haiwezi kujiwasha.

10. Si vyombo vya chumba cha uendeshaji vinaonyesha kila kitu?

Vinaonyesha kile vilichounganishwa nacho. Kwenye kinu namba 1 cha Browns Ferry, Alabama, Oktoba 2010 iligundulika kwamba vali moja ya mfumo wa kuondoa joto haipitishi maji. Mota ilizunguka, shina lilipanda, taa ikasema "wazi". Chini, diski ilikuwa imeachana na shina na kubaki imekaa kwenye kiti chake. Taa ilikuwa ikieleza habari za shina.

Njia ile haikuwa ikipitishwa maji katika majaribio ya kawaida, kwa hiyo kasoro ilijificha hadi kinu kiliposimamishwa. Mei 2011 dosari ilipewa nyekundu. Tangu hapo swali zuri la kumuuliza mwendeshaji yeyote ni hili: mara ya mwisho maji yenyewe yalipita hapa lini?

11. Fundi akiona kasoro na bosi wake hataki kusikia?

Anaweza kwenda moja kwa moja kwa mdhibiti, na jina lake hulindwa. Sheria ya Marekani inakataza kumfukuza au kumshusha cheo kwa sababu hiyo. Mkaguzi hukagua pia daftari la kasoro. Daftari lenye kasoro nyingi ndogo kwa kawaida ni dalili njema. La kuogopa ni lile ambalo idara nzima haijaandika kitu kwa miezi.

12. Tukio likitokea, mdhibiti anaarifiwa baada ya muda gani?

Kinu kikizimika ghafla kwa mfumo wa kinga, saa 4. Matukio mengine muhimu, saa 8. Ripoti ya maandishi yenye chanzo na marekebisho, siku 60. Ikitangazwa dharura, viongozi wa eneo huarifiwa ndani ya dakika 15, na NRC mara baada ya hapo, kabla ya saa moja kupita. Tazama pia swali la 14.

## Maswali ya huku kwetu

13. Kinu kingewekwa kando ya Ziwa Tanganyika, mdhibiti angeuliza nini kwanza?

Ardhi. Ziwa limekaa katika Bonde la Ufa, na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 lilifika ukubwa wa 6.8. Kwa kawaida mtambo husanifiwa kwa mtikisiko unaotarajiwa mara moja katika miaka 10,000, si kwa ule mkubwa ambao babu anaukumbuka.

Kisha maji, mengi na machache. Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza sehemu za ufukwe, na watu wa Kibirizi na Katonga hawahitaji kuelezwa. Kinu cha Fort Calhoun, Nebraska, ni mfano wa ukaguzi uliofika kwa wakati: Oktoba 2010 mdhibiti alitoa rangi ya njano kwa sababu mpango wa kuzuia mafuriko ulitegemea mno mifuko ya mchanga isiyotosha. Juni 2011 Mto Missouri ulikizingira kituo.

Halafu joto. Kinu cha megawati 1,000 za umeme hutupa joto la megawati 2,000 hivi. Kwa kupandisha maji nyuzi 10 za Selsiasi, yanahitajika kama mita za ujazo 48 kila sekunde. Mkaguzi atauliza juu ya nyavu za mdomo wa bomba, kwa kuwa magugu, dagaa au takataka zikiziba hapo pampu zinakosa maji.

14. Ajali ikitokea, umbali gani unahusika?

Marekani hupanga duara mbili: kilomita 16 kwa uhamishaji na kinga ya haraka, na kilomita 80 kwa kupima maji, maziwa na vyakula. Weka kati ya duara Kigoma Mjini. La kwanza linaichukua Ujiji yote na kufika jirani na Gombe. La pili linavuka ziwa hadi Kongo na kuvuka mpaka wa Burundi. Kwa hiyo mpango wa dharura hapa usingekuwa wa wilaya wala wa nchi moja. Upo mkataba wa kimataifa wa kuarifiana mapema, wa mwaka 1986, uliotungwa baada ya Chernobyl.

15. Eksirei za hospitali zina uhusiano wowote na haya?

Kanuni ni ileile kwa kiwango kidogo. Mwenye mashine anawajibika, mdhibiti anakagua, na mfanyakazi anavaa kipimo kifuani kinachopelekwa kusomwa. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, na kwa mwananchi milisiveti 1, bila kuhesabu matibabu. Picha moja ya kifua ni milisiveti 0.1 au pungufu. Mgonjwa, usiiogope. Uliza tu kama mlango umefungwa, na kama aliyekushikia mtoto amepewa aproni ya madini ya risasi.

16. Nchi isiyo na uzoefu inaweza kumkagua mwendeshaji mwenye uzoefu wa miaka 50?

Inaweza, ikianza na watu kabla ya zege. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, linaeleza safari ya miaka 10 hadi 15 kutoka uamuzi hadi umeme, na hutuma timu za kukagua wadhibiti wenyewe nchi ikiziomba. Kosa la kuogopa ni kuajiri wakaguzi baada ya mkataba wa ujenzi kusainiwa. Hapo watajifunza kazi kutoka kwa wale wanaopaswa kuwakagua.

17. Kinu kikishazimwa, ukaguzi si unakwisha?

Haukwishi. Fueli huendelea kutoa joto hata fimbo zikiwa zimedondoka zote. Chukua kinu cha megawati 3,000 za joto. Kikizimwa, papo hapo kinabaki na megawati 200 hivi. Baada ya siku nzima bado ni kama 15. Katikati, saa moja baada ya kuzimwa, ni kama 45, karibu sawa na mradi wa umeme wa Malagarasi uliopangiwa megawati 49.5, na joto lote hilo linatafuta maji. Ndiyo sababu mkaguzi hufuatilia pampu, dizeli na betri za kinu kilichozimwa kama zile za kinachowaka. Fueli ikihamishiwa bwawani, anafuatilia kina na joto la maji ya bwawa kwa miaka, hadi ipoe vya kutosha kuwekwa kwenye makasha makavu.